Herufi Sita kwenye Pindo la Kanga

Watu wa fasihi tunapenda kubishana kuhusu tafsiri. Mwalimu Nyerere alipoipa tamthilia ya Shakespeare jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, aliweka neno "mabepari" mahali ambapo "wafanyabiashara" lingeweza kukaa, na mpaka leo ukikaa na walimu wa Kiswahili mjadala huo unaanza upya kahawa ya pili ikimiminwa. Tunajua kwamba anayehamisha maneno anachagua, na kwamba alichokiacha nacho kina uzito. Lakini kuna uhamishaji mwingine tunaoufanya karibu kila siku bila kuuliza swali hata moja. Ni kugeuza faili la video kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Unaburuta faili, unabonyeza kitufe, unakwenda kunywa chai. Ukirudi limekuwa dogo, linafunguka kwenye simu, maisha yanaendelea.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hiyo naifanya sana. Chumba chetu cha habari kinapokea video za kila aina: za simu za wananchi, za kamera za harusi zilizogeuzwa kuwa kamera za mikutano, za wanasiasa wanaotuma faili zito kama gunia. Kwa miaka mingi nililichukulia jambo hili kama kumenya viazi, kazi ya lazima isiyo na hadithi. Hadithi ililetwa na shangazi zangu wawili, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini hawajakaa mkeka mmoja kwa sababu ya kanga.

Nieleze kwanza ugomvi, maana bila huo haya mengine ni ufundi mtupu.

Mwaka 1997 shangazi mdogo aliolewa, Tanga. Shangazi mkubwa alikuwa ameachika mwaka uleule na amerudi nyumbani kwa bibi. Maneno ya mtaani yakawa yale unayoyafikiria, ati anamwonea kijicho mdogo wake. Siku ya harusi bibi alitoka amejitanda kanga, akakaa na akina mama wenzake. Shangazi mkubwa akaisoma kanga ile, akainuka, akaondoka hata pilau halijapakuliwa. Anasema iliandikwa HASIDI HANA SABABU. Anasema mama yake mzazi aliivaa mbele ya watu ili imseme yeye. Shangazi mdogo anaapa kwamba kanga ilisema HISANI HAIOZI, na kwamba bibi aliivaa kwa kuwashukuru majirani waliochanga.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba jina la kanga ni maandishi kamili, na kwamba watu wameacha kusalimiana kwa jina la kanga. Kwa wengine niseme tu hivi: kanga ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina pindo linaloizunguka, na ina jina, yaani maneno yale. Mwanamke anaweza kukaa kimya siku nzima na akawa amesema yote.

Bibi alifariki mwaka 2008. Hakuna aliyethubutu kumuuliza akiwa hai. Kanga zinauzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina lilelile, kwa hiyo kungekuwa na shahidi wa pili. Lakini kipande kimoja kilivaliwa mpaka kikachanika, na cha pili kikawa mbeleko, kisha dekio. Kilichobaki ni kanda ya harusi.

Miaka miwili iliyopita binamu yangu akaweka kwenye kundi la familia la WhatsApp kipande cha dakika tatu cha harusi ile. Megabaiti tisa. Bibi anaonekana. Kanga inaonekana. Basi, usiku ule simu yangu haikulala. Shangazi mkubwa alinipigia kutoka Mombasa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeona? Si nilisema? Hasidi hiyo hapo, inasomeka kama gazeti."

Saa moja baadaye shangazi mdogo naye: "Mwanangu, mwambie dada yangu avae miwani. Hisani ile."

Nikalifungua lile faili kwenye kompyuta, nikalikuza. Sasa andika maneno hayo mawili kwenye karatasi, moja chini ya lingine. HASIDI. HISANI. Yote yana herufi sita. Yote yanaanza na H, yana S katika nafasi ya tatu, yanaishia na I. Na neno linalofuata, HANA au HAIOZI, linaanza na HA katika pande zote mbili za ugomvi, halafu linapotelea kwenye mkunjo wa kitambaa chini ya kwapa la bibi. Katika faili la megabaiti tisa, kilichokuwepo ni H, ukungu, kitu kama S, ukungu, na mstari. Shangazi zangu walikuwa wanasoma ukungu. Kila mmoja aliona humo kile alichokwenda nacho.

Hapo ndipo nilipotaka kujua ukungu ule umetoka wapi, maana kamera ya mwaka 1997 haikuwa mbovu kiasi hicho.

Hesabu ni hii. Televisheni ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika kwetu, ina mistari 576 inayoonekana, na picha 25 kwa sekunde. Ukiichukua picha hiyo kidijitali kwa ukubwa wa kawaida wa pikseli 720 kwa 576, bila kuibana hata kidogo, unapata takriban megabaiti 20 kwa sekunde moja. Saa moja ni kama gigabaiti 75. Hakuna bando la kubeba mzigo huo, kwa hiyo video zote unazoziona kwenye simu zimebanwa.

Anayebana anaitwa kodeki. Watu wengi, wakiwemo wenzangu kazini, wanachanganya kodeki na kasha. MP4, MKV, AVI, MOV ni makasha: ndani yake mna picha, sauti, labda na maandishi ya chini. Kodeki, kwa mfano H.264 iliyopitishwa mwaka 2003, ndiyo lugha ambayo picha yenyewe imeandikwa. Unaweza kuitoa video kwenye kasha la MKV ukaiweka kwenye MP4 bila kugusa picha hata moja. Kwa programu ya FFmpeg unaiambia tu inakili, na kazi inakwisha kwa sekunde chache. Ni sawa na kukipa kitabu jalada jipya. Lakini ukibadilisha kodeki, au ukibana upya kwa kodeki ileile, umefumua kitabu kizima na kukiandika tena kwa mkono wa mtu mwingine. Na mtu huyo ana haraka.

Haraka yake iko hivi. Anaigawa picha katika vijumba vidogo, katika H.264 pikseli 16 kwa 16, na kila kijumba anakiuliza: umebadilika tangu picha iliyopita? Ukuta haujabadilika, kwa hiyo anaandika "kama ilivyokuwa" na kupita. Mkeka haujabadilika, anapita. Kinachosogea ndicho kinachogharimu. Na ndani ya kile kinachosogea anaanza kutupa vile anavyoamini jicho halitavidai: tofauti ndogondogo za rangi, maana macho yetu huona mwanga vizuri kuliko rangi, halafu kingo kali na nyembamba. Akipewa nafasi ya kutosha, huoni pengo. Akibanwa, anatupa zaidi.

Sasa fikiria: herufi ni nini, kama si kingo kali na nyembamba? Kwa kodeki, jina la kanga kwenye kitambaa kinachotikisika ni sehemu ghali kuliko zote kuhifadhi, na haijui kwamba ni maneno. Inaona mistari inayomsumbua. Sura ya bibi inabaki, rangi ya kanga inabaki, maneno ndiyo yanakwenda kwanza.

Na faili la binamu lilikuwa limepita mikono mingi. Kuna studio iliyoigeuza kanda kuwa DVD, hapo ikabanwa mara ya kwanza. Mtu akaitoa kwenye DVD akaifanya ndogo kwa ajili ya simu za zamani, pikseli 320 kwa 240. Kisha ikatumwa kwenye kundi, na programu za ujumbe nazo hubana zinavyopenda. Ni tafsiri ya tafsiri ya tafsiri, na kila mfasiri alikuwa anafanya kazi kutoka kwa aliyemtangulia, si kutoka kwenye asili.

Kanda yenyewe ilikuwa kwa shangazi mdogo, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Joto na unyevu wa Tanga unaujua; pembezoni mwa utepe kulikuwa na ukungu mweupe. Kupata deki ya kuichezea ilikuwa kazi kuliko nilivyotarajia. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Zilizobaki ni hizi zilizomo makabatini, na kila moja inakaribia mwisho wake. Niliazima ya mpiga picha mmoja mstaafu, mzee mwenye subira, ambaye aliusafisha ule ukungu taratibu na akakataa kuiweka kanda kwenye deki mpaka aridhike. "Kanda ya namna hii," aliniambia, "unaweza ukaipata mara moja tu. Usiiendee kama soda."

Tukaunganisha waya wa njano, mwekundu na mweupe kwenye kifaa cha kunasia, na kifaa kwenye kompyuta. Nilinasa kwa kodeki inayoitwa FFV1, ambayo hifadhi za nyaraka huitumia kwa sababu inabana bila kutupa chochote: ukiifungua unapata kila pikseli kama ilivyoingia. Harusi ya saa mbili ikawa gigabaiti 70. Hiyo ndiyo asili mpya, na sheria niliyojiwekea ni moja: faili hilo haliguswi. Kila toleo linatoka kwake, na hakuna toleo linalozaa toleo.

Kisha nikaanza kugeuza. Nilitumia HandBrake, programu ya bure ambayo ndani yake mna namba moja ya kuamua ubora. Kwa H.264 inakwenda kutoka 0 mpaka 51, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo faili linavyokuwa kubwa na safi. Nikajaribu 30: megabaiti 800, na pindo la kanga likawa vigae. Nikajaribu 23: gigabaiti 1.8, na herufi zikaonekana bibi akitulia, zikayeyuka akisogea. Nikajaribu 18: gigabaiti 3.2, na hapo sikuweza kutofautisha na asili kwa macho yangu. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba ule mshale mdogo wa kusogeza kushoto na kulia ni uamuzi wa mhariri. Unauliza, kwa namba, ni kiasi gani cha mtu huyu kinaruhusiwa kupotea.

Hata hivyo, neno bado lilikuwa halisomeki. Tatizo la mwisho lilikuwa la zamani kuliko kompyuta. Kamera zile hazikuchukua picha nzima kwa mara moja. Zilichukua mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano, kisha baada ya sehemu ya 50 ya sekunde zikachukua ya pili, ya nne, ya sita. Ukiisimamisha video, unaona nyakati mbili zimesukwa pamoja, na kitu kinachosogea kinaota meno kama kitana. Wale waliogeuza kanda mwanzo walizichanganya nyakati hizo mbili kama uji, ili meno yasionekane. Njia nyingine ni kuzitenganisha: kila nusu ya picha inapewa wakati wake, mistari inayokosekana inakadiriwa kutoka kwa jirani zake, na unapata picha 50 kwa sekunde badala ya 25. FFmpeg inaweza. Inachukua muda, lakini inaweza.

Kabla sijafanya hivyo, kijana mmoja wa kazini, mwenye nia njema kabisa, aliniambia siku hizi kuna programu za akili bandia. Unaipa video chafu, inakurudishia safi kama ya jana. Nilimshukuru nikakataa. Programu hizo zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi jinsi vitu vinavyofanana, na pale pasipoonekana zinachora kinachoelekea kuwepo. Kwa nywele na majani ya miti, sawa. Lakini kwa herufi iliyofutika, hapo mashine ingeniandikia neno. Ingeliandika vizuri, kwa wino mkali, na shangazi mmoja angeshinda kesi kwa ushahidi ambao haujawahi kuwepo duniani.

Fasihi yetu inalijua jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa kwenye kumbukumbu za watu na kwenye miswada ya herufi za Kiarabu, W. E. Taylor aliyakusanya akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na Hichens akayachapa kwa herufi za Kilatini mwaka 1940. Katika maandishi yale ya kale, herufi moja mara nyingi ilibeba sauti zaidi ya moja: b ingeweza kuwa p, na i ingeweza kuwa e. Kila aliyehamisha ilibidi achague. Mnakili mwaminifu huacha alama kwamba hapa nimechagua. Mnakili hatari ni yule anayeandika vizuri sana mpaka huoni kwamba kulikuwa na shaka. Hata majina ya kanga yenyewe yalipita njia hiyo: ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazozisoma leo.

Basi nikatenganisha nyakati. Kamera inapita mbele ya bibi kwa sekunde tatu hivi, kwenye dakika ya 47. Hizo ni picha kama 150. Nilizipitia moja moja, usiku, kwa kitufe cha mshale. Katika nyingi, mkunjo umelala juu ya neno. Bibi anageuka kumsikiliza mwenzake, na katika picha nne, zote pamoja hazifiki sehemu ya kumi ya sekunde, mkunjo unafunguka. Baada ya H kuna mstari mmoja mwembamba uliosimama, na S imeukaribia. Hakuna nafasi ya A pale, hakuna miguu miwili. Na herufi ya tano haina tumbo la D. Ina nguzo mbili na mshazari katikati.

Hisani.

Sikulitangaza kwenye kundi. Nilipanda basi mpaka Mombasa, nikapita mpaka wa Horohoro na kompyuta mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Nilimwonyesha shangazi mkubwa kwanza faili la megabaiti tisa, halafu kanda nzima ilivyo, halafu zile picha nne. Nilimweleza ni wapi nimekadiria na wapi sikugusa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hapendi kudanganywa kwa hesabu. Alivaa miwani, akasogea, akahesabu herufi kwa kidole, moja mpaka sita.

"Kumbe," akasema. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa mbona aliniangalia vile?"

Nikarudisha nyuma. Kweli, mara tu baada ya mkunjo kufunga, bibi anainua macho kutazama upande wa kulia wa kamera. Shangazi anasema hapo ndipo yeye alipokuwa amekaa. Yale macho yanaweza kuwa ya lawama. Yanaweza kuwa ya huruma. Yanaweza kuwa ya mama mwenye wageni mia mbili anayetafuta nani akaangalie sufuria. Niliyatazama katika namba 30, 23 na 18, niliyatazama katika asili yenyewe ya gigabaiti 70. Pikseli zote zipo, na hayasomeki.

Shangazi hakuendelea kubisha. Aliuliza tu kama ninaweza kumwachia nakala. Nikamwambia simu yake inaweza kubeba ile ndogo vizuri. Akanikatalia: "Hapana mwanangu. Ile ndogo ndiyo iliyonisomesha vibaya. Nipe kubwa." Nikamwekea ile ya namba 18 kwenye flashi, akaifunga kwenye leso pamoja na hati ya kiwanja.

Kama una kanda kabatini, usingoje msiba ukukumbushe. Tafuta deki na mtu anayeijua, nasa mara moja kwa ubora wa juu unaoweza kuumudu, weka nakala mahali zaidi ya pamoja, kisha ndipo utengeneze za kutumia watu. Na kanda yenyewe usiitupe. Ya kwetu imerudi sandukuni kwa shangazi mdogo, safari hii bila mfuko wa rambo.

Hadi ninapoandika haya, mashangazi hawajapigiana simu. Lakini mkubwa ameniuliza mara mbili kama namba ya mdogo wake bado ni ileile.